Njia za Kifusi za Unguja: Mtandao Usioandikwa

Anayetoka Mtoni kwa baskeli akielekea shamba ana njia mbili mbele yake. Ya kwanza ni barabara kuu ya Bububu, lami tupu, yenye daladala za namba 502 zinazosimama na kuondoka kila hatua chache, malori ya mchanga na magari ya wageni yanayokimbilia Nungwi. Ya pili inaanza kwa kupanda. Mtu huipa pwani mgongo, akakabili kilima cha Masingini, na baada ya mwendo mfupi yumo katika njia za udongo mwekundu zinazopita baina ya mikarafuu, minazi na makonde ya muhogo hadi Kidichi, Kizimbani na Dole. Ya kwanza ina bajeti, ina mkandarasi, ina mwenye kuulizwa ikiharibika. Ya pili imeachiwa wanaoipita. Hoja yangu ni kwamba hizi njia za pili, kwa jumla yake kisiwani, ni mtandao kamili wa usafiri ambao tayari upo, wenye faida kwa wakaazi kwanza na kwa wageni baadaye, na kwamba hazihitaji kujengwa upya bali kutambuliwa, kuandikwa na kulindwa. Zisipoandikwa mapema zitapotea moja moja, bila hata mtu mmoja kuamua kwamba zipotee.

Hazikuzuka zenyewe. Seyyid Said bin Sultan alipojenga kasri la Mtoni kuelekea miaka ya 1830, wakati karafuu ndiyo kwanza inaenezwa Unguja, zilihitajika njia za kuunganisha pwani na mashamba ya juu. Hamamu ya Kidichi, aliyomjengea mkewe Mfarsi mwaka 1850, iko kwenye mwinuko nyuma ya Mtoni na Bububu, na kwa muda mrefu aliyeitaka aliipandia kwa njia ya shamba. Bibi Salme, binti wa Seyyid Said aliyezaliwa Mtoni mwaka 1844, anaeleza katika kumbukumbu zake namna watoto wa kasri walivyofundishwa kupanda farasi na punda. Karafuu zenyewe ziliteremka vichwani mwa watu na migongoni mwa punda, baadaye kwa magari ya ng'ombe. Reli fupi ya kutoka mjini hadi Bububu, iliyoanza kazi mwaka 1905, haikudumu hata miaka 30, lakini njia za magari ya ng'ombe zilidumu. Baada ya Mapinduzi ya 1964 mashamba makubwa yakagawiwa wananchi kwa eka tatu tatu, na njia iliyokuwa ndani ya shamba la mtu mmoja ikawa mpaka na mapito ya familia nyingi. Kwa hiyo tunapozungumzia njia za kifusi na za udongo tunazungumzia ramani ya uchumi wa karafuu na ya mgawo wa ardhi, iliyochorwa kwa miguu na magurudumu kwa karibu karne mbili.

Kwa mwendesha baskeli, umbo la kisiwa ni neema. Unguja ina urefu wa kiasi cha kilomita 85, upana wake haufiki 40, na hakuna kilima chake kinachofika mita 150. Ugumu wa safari hapa hautokani na kimo. Unatokana na udongo, na ndiyo sababu anayetaka kupanga njia awaulize wakulima kabla ya kufungua ramani, maana wao wameigawa ardhi kwa majina yanayoeleza kila kitu. Upande wa magharibi, kwenye miinuko ya Masingini na Kizimbani, kuna kinongo, udongo mwekundu wenye rutuba ambao ukiwa mkavu hushikana vizuri na tairi hupita bila tabu, lakini mvua ikinyesha huteleza, na mteremko wa dakika mbili unaweza kumwangusha hata mzoefu. Kwenye mabonde ya mpunga kama Cheju na Kibokwa kuna kinamo, udongo mzito unaojibandika kwenye tairi hadi gurudumu likakwama kwenye breki. Ukivuka katikati ya kisiwa kuelekea Chwaka, Pongwe au Makunduchi unaingia uwanda na maweni, nchi ya mawe ya matumbawe yenye udongo haba juu yake. Hapo njia haitelezi wala haigandi, masika na kiangazi hupitika, ila mawe yana ncha kali na tairi jembamba halina maisha. Na karibu na pwani ya mashariki kuna mchanga mweupe, ambao humlazimisha mtu ashuke na kusukuma kama hana tairi pana lililopunguzwa upepo.

Mgawanyo huu una maana kubwa kuliko raha ya mwendeshaji. Unatuonyesha kwamba mashariki na magharibi ya Unguja haziwezi kutunzwa kwa mpango mmoja. Njia za maweni zinahitaji kidogo sana, labda kuondolewa mawe yaliyochomoza na kukatwa vichaka vinavyoziba, kisha zikaachwa. Njia za kinongo zinahitaji mifereji ya kando, kwa sababu adui yake ni maji yanayokimbia katikati ya njia na kuichimba hadi ikawa korongo. Njia za kinamo zinahitaji kifusi na makalavati, vinginevyo kila masika zinafungika. Ukitazama namna njia nyingi za shamba zinavyoharibika utaona kwamba chanzo si wingi wa magurudumu. Ni maji yaliyokosa pa kwenda. Mfereji wa jembe uliochimbwa kabla ya Machi una faida kuliko lori la kifusi lililomwagwa mwezi wa Juni.

Majira nayo yana sauti yake. Masika, kuanzia Machi hadi Mei, upande wa karafuu haupitiki kwa raha, na anayelazimika kusafiri aelekee uwandani. Kusi, upepo wa kutoka kusini, kinapokolea mwezi wa Juni nchi hukauka, hewa hupoa, na hadi mvua za vuli zinaporudi kisiwa kizima kiko wazi. Kaskazi ni kikavu lakini jua lake ni kali, na katika maweni hakuna kivuli cha maana. Mtu aanze alfajiri na apumzike adhuhuri. Mbali na mvua kuna bahari. Njia ya kwenda kisiwa cha Uzi, inayokatiza mikoko upande wa kusini, ilikuwa kwa miaka mingi ikifunikwa na maji yanapojaa, na wakaazi walipanga safari zao zote, za skuli, za hospitali na za soko, kwa kufuata bamvua na maji mafu. Hakuna kibao wala programu ya simu iliyowafundisha. Elimu ya namna hii ndiyo mali ya kwanza ya mtandao huu, na mpango wowote utakaotayarishwa ofisini bila kuikusanya utakuwa mpango wa karatasi.

Nani anazitumia? Yako mawazo kwamba baskeli kwenye njia za vumbi ni mchezo wa wageni wenye kofia ngumu na nguo za kubana. Ukweli ni kinyume. Mtumiaji mkubwa ni mwenyeji mwenye Phoenix ya chuma, isiyo na gia, yenye keria iliyoongezwa vyuma na fundi wa kulehemu. Juu ya keria hiyo kuna majani ya ng'ombe yaliyofungwa hadi mwendeshaji haonekani kwa nyuma, au madumu ya maziwa ya kupeleka mjini, au kuni, makuti, mkungu wa ndizi, tenga la samaki, mtoto wa skuli. Mzigo wa kilo hamsini juu ya magurudumu mawili unaeleza ubora wa njia kuliko kipimo chochote cha mhandisi: pakiwa na korongo, mzigo unaanguka, pakiwa na mchanga, mtu anasukuma na saa inapotea, pakiwa na lami isiyo na kando, maisha yake yamo mikononi mwa dereva asiyemjua. Kwa maoni yangu kanuni ya kupanga njia hizi ingekuwa moja tu, kwamba njia ikimfaa mwenye Phoenix na mzigo wake itamfaa kila mtu, mgeni mwenye baskeli ya gia ishirini akiwemo. Mpango ukianza na mgeni, mwenyeji hupewa kilichobaki.

Hata hivyo mgeni hawezi kupuuzwa. Mwaka 2024 watalii walioingia Zanzibar walizidi 700,000, na wengi wao walilala kwenye ukanda mwembamba wa fukwe: Nungwi, Kendwa, Kiwengwa, Paje, Jambiani. Katikati ya kisiwa huwaona wakipita ndani ya gari zenye vioo vilivyofungwa. Isipokuwa ziara za viungo za Kizimbani na Kidichi, na msitu wa Jozani, vijiji vya Kati na vya Kaskazini vilivyo mbali na pwani havipati hata mnunuzi wa dafu. Baskeli inabadilisha hesabu hii kwa sababu ya mwendo wake. Mwenye baskeli husimama. Anaona kiu, anaona njaa, tairi linatoboka, anahitaji kivuli na maelekezo. Fedha anayoiacha kwa siku ni ndogo ukiilinganisha na bili ya hoteli, lakini inaingia moja kwa moja kwa muuza madafu, fundi wa viraka, mama anayepika chapati na kijana anayeijua njia. Na wanaokwenda ni wachache wachache, si basi zima kwa mara moja.

Wenzetu wa kanda hii wameshalifanyia kazi wazo la kuzitambua njia zilizopo. Rwanda imeipa jina na ramani njia ya Kongo-Nili, kilomita 227 kando ya Ziwa Kivu kutoka Rubavu hadi Rusizi, na sehemu kubwa ya njia hiyo haikuchimbwa kwa ajili ya baskeli. Ni barabara za vijiji zilizounganishwa, zikawekewa vibao na sehemu za kulala. Mwaka 2025 Kigali ikawa mji wa kwanza wa Afrika kupokea mashindano ya dunia ya baskeli za barabarani. Kenya ina mashindano ya njia za changarawe katika nchi ya Wamaasai ya Mara tangu 2021, na waendeshaji wake wameyatumia kufika Marekani na Ulaya. Unguja haina ziwa wala milima ya Kivu, wala sioni sababu ya kuiga mashindano. Kinachofaa kuigwa ni kazi ile ya mwanzo, ya kuunganisha vilivyopo na kuvipa jina. Na kuna onyo pia: barabara mpya ya lami kando ya Kivu ilipojengwa, vipande vya njia ile vilimezwa, na waendeshaji wakalazimika kutafuta mapito mengine. Njia iliyopewa jina bado inaweza kuliwa. Isiyo na jina huliwa bila kelele.

Hapa linakuja pingamizi zito kuliko yote, nalo linastahili jibu la heshima. Wanavijiji wanataka lami. Wamekaa na vumbi na tope miaka yote, na mtu wa mjini anayewasifia njia zao za udongo anawasifia kitu kinachomchelewesha mjamzito kufika hospitali ya Mnazi Mmoja. Ni kweli tupu. Barabara za ndani zinazowekwa lami katika miaka hii ya 2020 zimepunguza nauli na zimefikisha gari la wagonjwa pasipofikika, na barabara ya Bububu, Mahonda hadi Mkokotoni, kilomita 31, imebadilisha maisha ya kaskazini. Sidai kijiji chochote kibaki na vumbi ili mgeni apige picha. Ninachodai ni kwamba lami inapowekwa, mwenye baskeli asinyang'anywe njia yake. Kunyang'anywa huko ndiko kunakotokea sasa: barabara ya kifusi ambayo gari, ng'ombe na baskeli vilikwenda kwa mwendo wa kuonana inakuwa barabara ya mwendo kasi isiyo na kando. Mfano mchungu uko Jozani. Barabara inayopita msituni ilipotiwa lami katika miaka ya 1990, kima punju, mnyama asiyepatikana porini nje ya visiwa vyetu, walianza kugongwa na magari mara kwa mara, mpaka matuta yalipowekwa na vifo vikapungua. Kima walipata watetezi na matuta yakaja. Mwenye mzigo wa majani anayesukumizwa shimoni na gari la wageni hana jumuiya ya kumtetea, ingawa dawa ni ileile: kupunguza mwendo panapopita watu, kuacha kando ya kutosha, na pale ambapo barabara mpya imenyooshwa, kuiacha ile ya zamani yenye kona ikae wazi kwa miguu na baskeli.

Pingamizi la pili ni la ardhi, na hili linanitia wasiwasi zaidi kuliko la lami. Kwa Sheria ya Umiliki wa Ardhi ya 1992 ardhi ya Zanzibar ni mali ya umma iliyo chini ya Rais, na wananchi wana haki ya matumizi. Lakini mapito mengi ya shamba hayamo katika hati ya mtu yeyote. Yanaishi kwa desturi tu, jirani kumwachia jirani. Desturi hiyo ilitosha wakati pande zote mbili za njia walikuwa wakulima. Haitoshi pale eka inapokatwa viwanja, ukuta ukapanda na geti likafungwa. Sensa ya 2012 ilihesabu watu 1,303,569 Zanzibar. Ya 2022 ikahesabu 1,889,773, na kati yao 893,169 walikuwa Mjini Magharibi, mkoa wenye Mtoni na Masingini. Ongezeko la watu karibu 600,000 katika miaka kumi linahitaji nyumba, na nyumba zinajengwa palepale penye kinongo na mikarafuu. Pwani ya mashariki kuta ni za hoteli. Hapa kwetu magharibi ni kuta za sisi kwa sisi. Mwenye kiwanja hana kosa ikiwa hakuna mahala palipoandikwa kwamba ukingo wake ni njia ya watu. Kosa ni la kutoandika.

Wako wanaosema pia kwamba kufungua njia za ndani ni kualika utovu wa adabu, wageni nusu uchi kukatiza mbele ya msikiti na kupiga picha watu wakiwa makondeni. Wasiwasi huu si wa kudharauliwa, na haujibiwi kwa kusema dunia imebadilika. Unajibiwa kwa kuipa shehia mamlaka: njia ipite wapi, isipite wapi, makaburi na mizimu viachwe upande gani, mgeni afuatane na nani na avae nini. Vijiji vinavyoizunguka Jozani vimeishi na mpango wa kugawiwa sehemu ya mapato ya hifadhi kupitia jumuiya yao ya uhifadhi wa mazingira, JECA, kwa hiyo mfano wa kijiji kuwa mshirika, si mandhari, upo kisiwani kwetu wenyewe. Na suala la heshima lina upande wa pili usiotajwa sana. Wasichana wa skuli na kina mama wanaolima mwani wanahitaji baskeli kama wanaume, na wao ndio wanaopata shida zaidi pale njia tulivu inapofungwa na kubaki barabara kuu peke yake. Mzazi anayemkataza binti yake kuendesha baskeli katikati ya daladala hazuii maendeleo. Amepima hatari, na amepima sawa.

Sikubaliani na wale wanaotaka kumaliza jambo hili kwa kumwaga kifusi kila mahali. Kifusi na mchanga haviteremki kutoka mbinguni. Vinachimbwa kwenye ardhi hiihii, na mashimo yake yameshakula makonde ambayo hayatarudi. Njia ya maweni haikihitaji. Njia ya kinongo inakihitaji kwenye miteremko tu. Kinachotakiwa ni kazi ya macho na kalamu kabla ya kazi ya lori: kila sheha akae na wazee na vijana wake, waitembee mipaka ya shehia, wataje njia zote zinazopitika kwa baskeli, masika na kiangazi, waandike pana upana gani na pameharibika nini. Kamisheni ya Ardhi iziingize kwenye ramani zake ili kiwanja kisitolewe juu yake. Wizara inayosimamia barabara izihesabu kuwa barabara, hata kama fungu lake la kwanza ni la mifereji na makalavati peke yake. Kamisheni ya Utalii ichague chache, zile ambazo vijiji vyenyewe vimezikubali, na kuziwekea vibao vya Kiswahili kwanza.

Njia ya kuanzia inajulikana. Kutoka Mtoni kupanda Masingini, kupita Kidichi na Kizimbani, kushuka bonde la Bumbwisudi, kisha kuelekea mashariki kwa Dunga, Uzini na Bambi hadi ghuba ya Chwaka, mtu hukutana na kinongo, kinamo, uwanda na maweni, na atakayetaka Michamvi bila kuizunguka Jozani atavuka ghuba kwa mashua pamoja na baskeli yake. Sehemu kubwa ya mapito hayo inapitika leo. Kipande cha kwanza, baina ya Mtoni na Kizimbani, ndicho kinachojengwa nyumba kwa kasi kuliko vyote. Masheha wa wilaya ya Magharibi A na ofisi ya ardhi wakikianza Kusi hiki watakuta bado kuna njia ya kuandika.